Plagini ya Mama Gradi

Waliniambia nifute majina mia moja na kumi na tisa, ndipo plagini yangu iitwe rasmi. Waliniambia kwa upole, wakanipa na chai ya tangawizi. Chai nikainywa yote, maana nilitoka kambi ya Nakivale asubuhi sijatia kitu mdomoni, na chai yenyewe haikunikosea lolote. Halafu nikasema hapana.

Lakini ngojeni nianzie fasi habari inapoanzia, nisije nikawachanganya kwa hasira.

Kwenye kadi ya ukimbizi naitwa Orpa Nabintu. Hilo jina nalijua, sikulikataa, lakini hakuna mtu anayeniita hivyo. Mimi ni Mama Gradi. Kwetu Sange, kule Kivu Kusini, mwanamke akizaa mtoto wa kwanza anaanza kuitwa kwa huyo mtoto, na ataitwa hivyo mpaka siku anashushwa kaburini. Mtoto wa pili hakupi hilo jina, wala wa tano. Wa kwanza ndiye aliyekufanya mama, basi. Warundi majirani zetu hapa nao wanaitana hivyo hivyo. Pita sokoni Base Camp uite "Mama Bienvenu!" uone kama hawatageuka watatu. Sasa ita majina yao ya kwenye kadi. Utaita mpaka sauti ikauke.

Nina kibanda pale sokoni. Nachaji simu za watu kwa sola, na natia nyimbo za kwaya na filamu kwenye memori kadi. Kuandika programu nilifundishwa na Constantin, mtu wa Uvira, tunayemwita Papa Constantin kwa heshima ingawa ananizidi miaka michache tu. Alikuwa anatufundisha bamama kumi na wawili ndani ya banda la kanisa, kwa kompyuta tatu. Wakati wa kupanda maharage ulipofika, tisa wakaacha. Mimi sikuacha. Nikiambiwa kitu ni kigumu, kichwa kinanipanda, na wakati ule watu wengi waliniambia.

Zahanati yetu ina tableti, na ndani ya tableti kuna programu inaitwa Jalada, ya kutunza mafaili ya wagonjwa. Ni programu huria. Maana yake, imeandikwa na watu wa nchi mingi wasiojuana hata kwa sura, na mistari yake iko wazi: yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Ikikupungukia kitu, unaandika kipande chako mwenyewe unakichomeka ndani. Kipande hicho ndicho plagini. Kuna plagini rasmi, ambazo wenye mradi wamezikagua na kuziweka kwenye ghala lao, na kuna za nje, alizojiandikia mtu kama mimi. Ukitia ya nje, Jalada inakuuliza kwa maandishi mekundu: "Plagini hii haitoki kwetu. Unaiamini?" Unabonyeza Ndiyo au Hapana.

Mimi niliandika ya nje, na sababu yake ni hii.

Jalada ilikuwa inamtafuta mgonjwa kwa namba ya kadi au kwa jina la kadi. Vizuri sana, kama kadi yako haijalowa mvua na jina lako ni lako. Siku moja rafiki yangu Ancilla, Mrundi, mhudumu wa afya wa kijiji, alisimama mlangoni pa zahanati akaita "Mwamini Charlotte!" Ancilla ana sauti ya kusikika mlima wa pili. Aliita saa tatu, akaita saa tano, akaita mchana. Hakuna aliyeinuka. Na huyo Mwamini Charlotte alikuwa amekaa benchi la mbele kabisa, tumbo la miezi minane, miguu imevimba! Siku ya kupokelewa mpakani aliulizwa jina, akasema Mama Bienvenu. Afande akamwambia hapana, jina lako mwenyewe. Yule mama akababaika, akatoa jina la ubatizo ambalo padri alilitamka siku moja akiwa mtoto mchanga, na tangu hapo hakulisikia tena. Makosa kama hayo ni yetu sisi tunaoitwa kwa watoto wetu. Alitusimulia baadaye kwamba alikuwa anamwonea huruma huyo Charlotte anayepoteza zamu yake.

Tulicheka, lakini kicheko kilitutoka baadaye sana. Siku ile alirudi nyumbani bila dawa ya presha, na siku ya nne akaanguka kifafa cha uzazi shambani. Alibebwa kwa boda mpaka hospitali, katikati ya watu wawili wa kumshika. Mungu akawaacha hai, yeye na mtoto. Lakini nilikasirika. Na mimi nikikasirika nafanya kazi.

Ndani ya wiki mbili nikaandika plagini nikaiita Mama Nani. Unaandika jina la mtoto, inakuletea mama wa mtoto huyo na namba ya faili lake. Haina ugonjwa ndani, haina dawa, haina siri ya mtu. Bamama walikuja wenyewe, mmoja mmoja, kila mmoja akataja jina analoitikia na kukubali liandikwe. Walifika mia nne na kumi na wawili. Kule juu kabisa ya mistari, pale mwandishi anapoweka jina lake, niliandika neno nililotaka kuandika: "Iliandikwa na Mama Gradi wa Nakivale. Gradi aliishi miaka minne."

Nikaigawa kama ninavyogawa nyimbo. Wahudumu walikuja kibandani kutoka Juru na Rubondo, pande nyingine za kambi, wakatoa memori kadi, nikatia kwaya upande huu na Mama Nani upande huu. Wakirudi kwenye zahanati zao wanaichomeka kwenye tableti, maandishi mekundu yanatokea, "Unaiamini?", wanabonyeza Ndiyo, wanaendelea na kazi. Hakuna mtandao, hakuna barua ya ruhusa. Leseni ya Jalada inaruhusu, nilikuwa nimeisoma yote mara mbili.

Miezi saba ikapita hivyo. Halafu ofisi ya Mbarara, ile inayosimamia tableti za zahanati za wakimbizi, ikatangaza toleo jipya: kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi, tableti zote zitakubali plagini rasmi peke yake. Za nje zitafutika zenyewe. Papa Constantin, ambaye siku hizi anafanya kazi katika ofisi hiyo hiyo na kuvaa kitambulisho shingoni, akanipigia simu.

"Mama Gradi, kuja ulete chereko chereko!" akasema kwa Kiswahili cha kwetu. "Niliipeleka Mama Nani kwa bakubwa, baikague. Imepita! Itaingia mu ghala ya rasmi, itaenda ku makambi yote ya Uganda. Imebakia kintu kimoja kidogo tu. Kuja Mbarara siku ya tano tuimalize."

Nisidanganye, nilifurahi. Nilifurahi nikamwinua binti yangu Sonia juu mpaka akapiga kichwa kwenye turubai la kibanda. Kambi zote za Uganda! Siku ya tano, yaani Ijumaa, nikavaa kitenge cha harusi ya dada yangu, nikamwachia Ancilla mtoto, nikapanda boda mpaka Kabingo, na Kabingo nikapata gari la Mbarara. Pale Masha tulisimama kupisha ng'ombe wa watu, wenye pembe ndefu na haraka hawana, na mimi nikawa nawaombea wapite upesi nisichelewe kuitwa rasmi.

Ofisi iko ghorofa ya pili juu ya duka la mabati. Aliyetupokea ni Madamu Natukunda, mkubwa wa ukaguzi wa plagini, Mnyankole wa makamo, mpole, nywele fupi. Kiswahili alikitoa kwa baba yake aliyekuwa askari. Constantin alikuwa amekaa kando yake, na alichofanya kwanza ni kuniita "Madamu Orpa". Nikamtazama. Akaangalia chini kwenye karatasi. Hapo nikajua kuna jambo.

"Karibu, nyabo," akasema Madamu Natukunda; nyabo kwao ni bibi. "Kazi yako ni mzuri sana. Mimi naona programu mingi, lakini hii nasaidia watu. Sisi nataka kuweka yeye kwa kambi zote."

"Aksanti, Madamu."

"Iko tatizo moja. Sistemu nataka kila jina ya mtoto iko na namba. Namba ya familia. Sisi nalinganisha yako na orodha. Mia mbili tisini na tatu, sawa. Mia moja kumi na tisa, hapana. Hao watoto haiko kwa orodha."

"Najua hawako," nikasema.

"Wewe najua?"

"Madamu, wamekufa. Au walipotea njiani. Ancilla wetu, yeye ni Mama Aimable. Aimable aliponyoka mkononi mwake watu walipokimbia risasi, hata leo hajui yuko wapi. Atampatia wapi namba?"

Madamu Natukunda akasema pole, na ilikuwa pole ya kweli, nilimwona usoni. Halafu akamgeukia Constantin amsaidie kueleza, na Constantin akaeleza akiwa anaitazama meza.

"Shida ni hii," akasema. "Jina lisilo na namba linaleta mashaka. Kuna fasi zingine batu balikuwa banaandikisha batoto benye habako, bapate posho. Banaita batoto hewa. Kama plagini ya rasmi inapokea batoto hewa, ofisi yote inaanguka. Njo maana banaomba ufute yale majina. Bale bamama bataandikwa kwa batoto bengine, benye beko na namba."

Mtoto hewa! Mwanangu Gradi nilimbeba tumboni miezi tisa, nikamnyonyesha miaka miwili, alikuwa anapenda ndizi za kuchoma na kuogopa bata. Alikufa kwa homa njiani, kabla hatujafika mpakani Bunagana, na tulimzika ukingoni mwa shamba la mtama la watu tusiowajua. Constantin anayajua haya yote, maana alikuwa kwenye safari ile ile, na jembe la kumzikia mwanangu ni yeye aliyeliomba kwa wenye shamba. Leo amekaa mbele yangu ananitamkia neno hewa.

"Nyabo," akasema Madamu Natukunda, "wewe iko na mtoto mwingine. Sonia. Yeye iko na namba. Wewe naweza kuwa Mama Sonia. Ni kitu rahisi."

Sasa niwaambie habari ya bomba la maji. Tulipofika Nakivale, Sonia akiwa mgongoni, majirani walinihurumia wakaanza kuniita Mama Sonia. Walifikiri wananisaidia kusahau. Pale kwenye bomba, zamu yangu ikifika, wanaita "Mama Sonia, chota!" Mimi nakaa. Wanaita tena, nakaa, wanauruka mtungi wangu. Siku tatu nilirudi nyumbani na mtungi mkavu, nikaenda kuchota maji ya ziwani, mbali kule, mtoto mgongoni. Siku ya nne mama mmoja akashindwa, akapiga kelele: "Mama Gradi, chota maji yako, utatuua na hicho kiburi!" Nikainuka nikachota. Tangu siku hiyo hakuna aliyejaribu tena.

Nikamsimulia Madamu Natukunda hivyo hivyo nilivyowasimulia nyie. Halafu nikaweka kikombe mezani nikasema hapana.

"Sifuti hata moja," nikasema. "Wala langu, wala la Ancilla, wala la nani."

Constantin akainua kichwa. "Mama, usikasirike. Fikiria bale bengine, mia mbili na tisini na tatu. Fikiria Mama Bienvenu na presha yake. Fikiria kambi zote. Bote bakose juu ya batoto benye habatarudi?"

Neno hilo liliniingia, nawaambia ukweli. Nikamwona Mama Bienvenu na miguu yake iliyovimba, nikajiuliza kama mimi ndiye ninayewaua watu na kiburi changu. Machozi yakanijia na sikuyataka pale mbele ya watu, nikayafuta na ncha ya kitenge.

"Nani amesema wakose?" nikauliza. "Papa Constantin, wewe ndiye ulinifundisha. Jalada ni huria au si huria?"

"Ni huria."

"Leseni inanikataza kuigawa plagini yangu mwenyewe?"

"Hapana. Haikukatazi."

"Basi tableti ni zenu, zifungeni mnavyotaka. Simu ni zetu. Kila mhudumu ana simu. Nitawatilia Jalada na Mama Nani kwenye simu zao, kwa memori kadi, kama siku zote. Mama akija, watamtafuta kwenye simu, wapate namba ya faili, waiandike hiyo namba kwenye tableti yenu. Tableti itaona namba, itafurahi. Haitajua kama aliyeileta ni Gradi."

Madamu Natukunda akanitazama, na nikaona midomo yake inataka kucheka akaizuia. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Kale, sawa. Mimi hapana zuia wewe kwa simu yako. Lakini wewe nasema huria. Huria ni kwa watu yote, nyabo. Sisi pia naweza kuchukua programu yako, toa ile majina sisi wenyewe, na kuweka kwa ghala. Leseni nakubali. Hapana hitaji sahihi yako."

Kweli kabisa! Mlango niliopitia mimi, hata wao wanaweza kuupitia, na mimi mwenyewe ndiye niliyeuacha wazi. Nilitaka kutukana. Nilitaka kuichukua ile kompyuta yake niitupe juu ya mabati ya chini. Lakini nikamkumbuka tena Mama Bienvenu, na hasira ikageuka njia.

"Chukueni," nikasema. "Chukueni, muipeleke kambi zote. Mama mwenye mtoto mwenye namba apate dawa yake, nitashukuru. Mwenye mtoto asiye na namba atakuja kwangu. Ila msiseme mimi ndiye niliyefuta. Andikeni kwamba mmefuta nyie."

"Hiyo ni haki," akasema Madamu Natukunda, akavuta kompyuta karibu. "Na hapa juu, kwa mwandishi, sisi nabadilisha. Naweka Orpa Nabintu, kama kwa kadi. Hii ingine ni... siyo ya rasmi."

"Haiwezekani," akasema Constantin.

Tukamgeukia wote wawili. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso. Alikivua kile kitambulisho cha shingoni akakiweka mezani, nadhani kilikuwa kinamsumbua tu, lakini mimi nilipenda kukiona pale chini.

"Haiwezekani, Madamu," akarudia, safari hii kwa Kiswahili cha darasani, taratibu, kama alivyokuwa anatufundisha kanisani. "Leseni inatupa kila kitu isipokuwa hicho kimoja. Tunaweza kubadilisha mstari wowote, lakini maneno ya mwandishi yanabaki kama alivyoyaandika, na yanakwenda kila fasi plagini inapokwenda. Tukiyagusa, hatuna ruhusa ya kuigawa hata kwenye tableti moja. Huyu mwandishi anaitwa Mama Gradi. Mtoto nilimjua mimi mwenyewe."

Madamu Natukunda akaisoma leseni, akaisoma tena, kidole kwenye kioo. Mwisho akafunga kompyuta.

"Banange, jamani," akasema polepole. "Basi hiyo jina nabaki."

Constantin alinisindikiza mpaka ngazi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Nisamehe, Mama Gradi." Nikamwambia nitamsamehe atakapokuja kwangu kula bugali, siyo pale kwenye ngazi, na aje na mkewe.

Nakivale niliikuta na jua la alasiri. Ancilla alikuwa kibandani kwangu, Sonia amelala mapajani mwake. Nikamweleza yote, na nilipofika kwenye ile orodha ya majina yasiyo na namba akanikatisha.

"Na Aimable yumo?"

"Yumo."

"Ukawakubalia?"

"Sikuwakubalia."

Akampangusa Sonia jasho. "Mana yanje, Mungu wangu," akasema. "Ungewakubalia ningekuvunjia simu zote za hapa, hata zile za wateja." Halafu akalia, na mimi nikalia naye, tukamwamsha mtoto.

Siku zilizobaki nilifanya kazi kama mwendawazimu. Wahudumu walipita na simu zao, na bamama nao wakapita, wengine hata simu hawana, walitaka tu kuhakikisha kwamba majina yao hayajaguswa. Nilikuwa nawaonyesha moja moja. Mama mmoja wa Rubondo aliomba kubonyeza mwenyewe. Maandishi mekundu yalipotokea nikamsomea: "Plagini hii haitoki kwetu. Unaiamini?" Akanitazama akaona anaulizwa upuuzi, akabonyeza Ndiyo kwa dole gumba mpaka kioo kikalia.

Jumatatu ya kwanza ikafika. Sonia alikuwa anakohoa, kwa hiyo nikampeleka zahanati kama mama mwingine yeyote, nikakaa kwenye benchi. Toleo jipya lilikuwa limeshaingia kwenye tableti lenyewe. Mama Nani ya nje ilifutika, ya rasmi imekaa mahali pake, na alama ya kijani.

"Hebu tulijaribu hili la wakubwa," akasema Ancilla kwa sauti, na benchi lote likamwangalia. Alikuwa na nia mbaya, nilimjua. Akaandika Gradi. Tableti ikafikiri kidogo, akasoma jibu: "Hakuna mtoto wa jina hilo."

Nilijua jibu litakuwa hilo, na bado lilinichoma, sikutegemea litanichoma vile. Ancilla hakunitazama. Alibonyeza pale penye maelezo ya plagini, akainua tableti juu kama mwalimu, akasoma kwa ile sauti yake ya mlima wa pili:

"Mama Nani. Plagini rasmi ya Jalada. Iliandikwa na Mama Gradi wa Nakivale. Gradi aliishi miaka minne."

"Rudia!" wakasema bamama.

Akarudia. Mtu mmoja akapiga kigelegele, na wengine wakampokea. Mama Bienvenu, yule Charlotte wetu, alikuwa amekaa na mtoto wake mdogo mgongoni. Akapiga kofi pajani. "Kumbe mtoto hawamjui, lakini mama yake wanamjua! Na wamemwandika kambi zote!"

Ancilla akaiweka tableti, akatoa simu yake mfukoni. Akaandika Gradi. Simu ikamletea namba ya faili, elfu mbili mia mbili na saba, akaiandika kwenye tableti, na tableti ikafungua faili langu bila swali. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, angeweza kuniita kwa mkono. Lakini alikwenda mpaka mlangoni, akavuta pumzi, akaita kama anayeita mtu wa ng'ambo ya ziwa:

"Mama Gradi!"

"Niko!" nikajibu kwa nguvu, watu wa barabarani wakageuka. Nikamshika Sonia mkono, tukaingia.